Mchezo na Sentensi: Kufundisha Kijerumani kwa Watoto wa Shule za Msingi za Alsace

Katika mijadala kuhusu ufundishaji wa lugha za kigeni kwa watoto wadogo, mchezo umesifiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba sifa zenyewe zimeanza kuuficha. Kila kitabu cha mwalimu huutaja, kila mtaala huupa nafasi, na mara nyingi kinachokusudiwa ni dakika chache za mwisho wa kipindi, pale darasa linapokuwa limechoka na mwalimu anataka watoto waondoke wakiwa wamechangamka. Mhadhara huu unatetea maana finyu zaidi na ngumu zaidi kutimiza, nayo ni kwamba mchezo unaostahili kuitwa njia ya kufundishia lugha ni ule ambao mchezaji hawezi kupiga hatua yake bila kutamka au kuelewa sentensi fulani. Pale ambapo hatua inawezekana kimyakimya, au kwa lugha ambayo mtoto anaijua tayari, kilichopo ni burudani njema, lakini lugha ya kigeni imebaki nje ya mlango. Hoja hiyo itafuatwa katika mahali mahususi, yaani Alsace, eneo la mashariki mwa Ufaransa linalotenganishwa na Ujerumani na mto Rhein, ambako watoto wanaozungumza Kifaransa nyumbani hufundishwa Kijerumani tangu chekechea na miaka ya mwanzo ya shule ya msingi.

Alsace haikuchaguliwa kwa sababu ya ujirani tu. Kijerumani huko kina historia yenye majeraha, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini namna ya kukifundisha kwa mtoto ni jambo zito. Baada ya vita vya 1870 na 1871 eneo hilo liliingizwa katika Dola la Ujerumani na shule zikageuzwa kuwa za Kijerumani; mwaka 1918 likarudi Ufaransa; kati ya 1940 na 1944, chini ya utawala wa Wanazi, Kifaransa kilipigwa marufuku; na mwaka 1945, vita vilipokwisha, Kijerumani kikaondolewa katika masomo ya shule za msingi. Kwa hiyo wako watu waliobadilishiwa lugha ya shule zaidi ya mara moja katika maisha yao, kila mara kwa amri na kila mara lugha ikiwa alama ya utii kwa dola. Wazee wengi waliokulia katika lahaja ya Kialsace, ambayo ni ya jamii ya lahaja za Kijerumani, waliacha kuwarithisha watoto wao, na uchunguzi uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kuwa watu 43 kati ya kila 100 walisema wanajua kuzungumza Kialsace, ilhali miongoni mwa watoto wa umri wa miaka 3 hadi 17 idadi hiyo ilikuwa 3 tu kati ya 100. Kijerumani kilirejea shuleni polepole: mwaka 1972, chini ya uongozi wa mkaguzi wa elimu Georges Holderith, kilianza kufundishwa tena katika madarasa ya mwisho ya shule ya msingi, mwaka 1982 mkuu wa elimu wa eneo hilo, Pierre Deyon, alitoa waraka uliokipanulia nafasi, na mwaka 1990 wazazi waliunda chama cha ABCM-Zweisprachigkeit kilichofungua njia kwa madarasa ya lugha mbili, ambayo baadaye yalianzishwa pia katika shule za serikali. Katika madarasa hayo juma la masomo la saa 24 hugawanywa nusu kwa nusu, saa 12 kwa Kifaransa na saa 12 kwa Kijerumani, kwa kawaida kila lugha ikiwa na mwalimu wake.

Lugha iliyopitia misukosuko hiyo haiwezi kurudishwa kwa watoto kwa amri nyingine. Mtoto wa miaka sita hajui lolote kuhusu 1871 wala 1940, lakini hutambua haraka sana katika nyuso za watu wazima kama jambo analofundishwa linapendwa au linavumiliwa. Mchezo humpa sababu yake mwenyewe ya kuzungumza, sababu isiyotegemea dola wala hofu wala hata ahadi ya ajira ng'ambo ya Rhein, ambayo wazazi huitaja sana na ambayo kwa mtoto wa umri huo haina maana yoyote.

Wazo la kuweka mchezo katikati ya elimu ya watoto wadogo lenyewe lina mizizi katika nchi za Kijerumani. Friedrich Fröbel, aliyezaliwa mwaka 1782 katika eneo la Thüringen, alifungua taasisi ya watoto katika mji wa Blankenburg mwaka 1837 na mwaka 1840 akaipa jina la Kindergarten, ambalo sasa limeenea duniani kote. Fröbel hakuuona mchezo kama mapumziko baada ya kazi. Kwake mchezo ulikuwa kazi yenyewe ya utoto, na ndiyo maana alitengeneza vifaa vilivyopangwa kwa mfuatano, mipira ya uzi, tufe, mche duara na mchemraba, kila kimoja kikimfungulia mtoto uhusiano fulani wa umbo, idadi au mwendo. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku chekechea hizo mwaka 1851 kwa tuhuma za kukosa dini na kueneza ujamaa, na marufuku hayo yakaondolewa mwaka 1860, miaka minane baada ya Fröbel kufariki. Jambo la kushika hapa ni mpangilio: mtoto anacheza kwa uhuru, lakini kifaa kilichowekwa mikononi mwake kimefikiriwa hadi mwisho na mtu mzima. Karne moja baadaye mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky, aliongeza jambo lililo muhimu zaidi kwa mwalimu wa lugha, kwamba hakuna mchezo usio na kanuni, na kwamba katika mchezo mtoto hujitiisha chini ya kanuni kwa hiari na kupata raha katika kujitiisha huko. Sarufi nayo ni kanuni. Ikiwa kanuni ya sarufi inaweza kufanywa kuwa kanuni ya mchezo, mtoto ataitii kwa moyo uleule unaomfanya akae kimya dakika tano nyuma ya kabati wakati wa kombolela.

Mfano unaoonyesha hilo kwa uwazi zaidi ni ule wa vitenzi vinavyotenganishwa. Kijerumani kina vitenzi vingi vinavyoundwa kwa sehemu mbili, shina na kiambishi, na katika sentensi ya kawaida au ya amri kiambishi huachana na shina na kwenda kukaa mwishoni kabisa. Kufungua ni aufmachen na kufunga ni zumachen, lakini mwalimu akitoa amri husema „Mach die Tür auf!“ au „Mach die Tür zu!“, na hivyo maana yote ya amri, kama mlango ufunguliwe au ufungwe, imekaa katika silabi ya mwisho. Kwa mtoto aliyezoea Kifaransa, ambamo kitenzi hutamkwa mapema na kubeba maana yake yote, huo ni utaratibu mgeni kabisa. Wataalamu wa sarufi huuita mabano ya sentensi, kwa sababu sehemu mbili za kitenzi huyakumbatia maneno mengine yote, na vitabu vya sarufi kwa watu wazima hutumia kurasa nyingi kuueleza.

Darasani kwa watoto wa miaka sita hauhitaji maelezo hata kidogo. Mwalimu anamsimamisha mtoto mlangoni, mkono ukiwa juu ya kitasa, kisha anaanza amri na kunyamaza katikati: „Mach die Tür ...“. Darasa zima linashika pumzi. Mtoto hawezi kusogea, kwa kuwa kanuni ya mchezo inasema anayesogea kabla ya neno la mwisho anampisha mwenzake. Kisha inakuja ile silabi moja, auf au zu, na mlango unakwenda upande wake. Baada ya zamu chache watoto wenyewe wanataka kutoa amri, na kila mmoja hugundua furaha ya kuichelewesha silabi ya mwisho. Wakikubuhu katika mlango hupewa koti, ambalo huvaliwa au kuvuliwa kwa „Zieh die Jacke an!“ na „Zieh die Jacke aus!“, na baadaye sentensi hurefushwa kwa rangi na mahali ili mwisho uzidi kuwa mbali. Kilichofundishwa hapo ni tabia ya kusikiliza Kijerumani mpaka mwisho, na hiyo ni tabia ambayo watu wazima wanaojifunza lugha hiyo kupitia majedwali huchukua muda mrefu kuipata. Mbinu ya kuunganisha amri na mwendo wa mwili ilipewa umbo la kinadharia katika miaka ya 1960 na mwanasaikolojia wa California, James Asher, aliyesisitiza kuwa mwanafunzi aruhusiwe kuelewa na kutenda kwa muda mrefu kabla ya kudaiwa kusema. Ushauri huo unawafaa sana watoto, kwa kuwa wengi wao hupita katika kipindi cha ukimya ambamo wanaelewa mengi na hawatamki kitu, na mwalimu asiyekijua kipindi hicho huwadhania hawajifunzi.

Ugumu wa pili wa Kijerumani, na ndio unaolalamikiwa zaidi, ni jinsia za nomino. Kila nomino hutanguliwa na artikali, yaani neno dogo linaloonyesha jinsia ya kisarufi: der kwa nomino za kiume, die kwa za kike na das kwa zile zisizo za kiume wala za kike. Msomaji aliyelelewa katika ngeli za Kiswahili hatashangazwa na nomino zilizogawanywa katika makundi, lakini atashangazwa na jinsi umbo la nomino ya Kijerumani linavyotoa dokezo dogo tu la kundi lake, na zaidi ya hayo artikali hubadilika kulingana na uhusika, yaani nafasi ya nomino katika sentensi, kama inatenda, inatendewa, au inaonyesha mahali. Walimu wengi huandika maneno ya kiume kwa rangi ya buluu, ya kike kwa nyekundu na yale mengine kwa kijani. Rangi zina msaada, ila zinamsaidia mtoto kuona, wakati artikali katika mazungumzo ni jambo la sikio na la ulimi.

Hapa ndipo mchezo wa kufungasha sanduku, ambao Wajerumani huuita Kofferpacken, unapoonyesha thamani yake. Watoto huketi duara. Wa kwanza husema kwamba anafungasha sanduku lake na kutaja kitu kimoja, wa pili hurudia kitu hicho na kuongeza cha kwake, na orodha huendelea kurefuka mpaka kumbukumbu ya mmoja imtupe. Kwa kuwa vitu vinafungashwa, vyote viko katika uhusika wa kutendewa, na hapo kofia, der Hut, huwa einen Hut, suruali, die Hose, hubaki eine Hose, na shati, das Hemd, hubaki ein Hemd. Duara la watoto kumi na mbili likifika mwisho, kofia iliyotajwa na mtoto wa kwanza itakuwa imetamkwa mara kumi na mbili, kila mara ikiwa na einen yake, na hakuna aliyechoka, kwa sababu kurudia ndiko kucheza. Mwalimu akiamuru darasa litamke „einen Hut“ mara kumi na mbili, kufikia mara ya tano nusu ya watoto watakuwa wanatazama dirishani. Marudio ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba katika duara mtoto anarudia ili asipoteze zamu.

Si kila mchezo unaouzwa kwa jina la elimu una sifa hiyo, na katika jambo hili tahadhari inahitajika. Mchezo wa karata wa Memory, uliotolewa na kampuni ya Ravensburger mwaka 1959, humtaka mchezaji afunue karata mbili akitafuta picha zinazofanana. Watoto huupenda, na huweza kuucheza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kufungua kinywa. Ndiyo maana darasani ni lazima uwekewe kanuni ya ziada, kwamba jozi haichukuliwi mpaka mchezaji aitaje picha pamoja na artikali yake, na kwamba akikosea zamu inahama. Hali ni hiyohiyo kwa Obstgarten, mchezo wa bustani ya matunda uliotolewa na kampuni ya HABA mwaka 1986, ambamo wachezaji hushirikiana kuvuna tufaha, mapeasi, cheri na plamu kwa kufuata rangi ya dadu kabla kunguru hajawahi kufika. Ukichezwa kama ulivyo, rangi inaonekana na mkono unakwenda wenyewe. Mwalimu makini hubadilisha jambo moja tu: anayerusha dadu hujificha nyuma ya ubao mdogo, na anayeshika kikapu hamwoni, kwa hiyo hawezi kuchuma mpaka aambiwe. Hapo sentensi inakuwa ya lazima, na lugha yenyewe inaleta zawadi, kwa kuwa kati ya matunda hayo manne tufaha peke yake ni la kiume, hivyo „einen Apfel“ hujitenga katika sikio la mtoto na „eine Birne“, „eine Kirsche“ na „eine Pflaume“ bila mtu yeyote kutaja neno uhusika.

Obstgarten una fadhila nyingine, kwamba wote hushinda au hushindwa pamoja. Michezo inayowatoa watu nje, kama ule wa kugombea viti ambao Wajerumani huuita Reise nach Jerusalem, ina kasoro ambayo kwa ufundishaji wa lugha ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani anayetolewa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeelewa kidogo zaidi, na baada ya kutoka hukaa pembeni bila kusema neno wakati wenzake wanaendelea kujizoeza. Mchezo unaomnyima mazoezi yule anayeyahitaji zaidi umepangwa kinyume. Upo pia mchezo wa zamani wa kukimbizana unaowauliza watoto kama wanamwogopa mtu mweusi. Asili ya jina hilo imeelezwa kwa namna mbalimbali, lakini hakuna maelezo yanayoweza kumsaidia mtoto mweusi aliyemo darasani pale wenzake wote wanapokimbia wakipiga kelele. Mchezo wenyewe hauhitaji jina hilo: akiwekwa mbwa mwitu mahali pake, mbio, swali na jibu vyote vinabaki vilevile, na mwalimu hana sababu yoyote ya kuendelea na la zamani.

Matamshi yanadai michezo ya aina nyingine. Mtoto wa Kifaransa ana bahati ya kuwa na sauti zinazoandikwa kwa Kijerumani kama ü na ö, kwa sababu lugha yake inazo, lakini sauti h, ambayo Mswahili huitamka bila kufikiri, haimo katika Kifaransa cha leo. Hivyo sungura, der Hase, nyumba, das Haus, na mbwa, der Hund, huanza vibaya katika vinywa vya watoto wa Strasbourg na Mulhouse. Dawa yake ni ukanda mwembamba wa karatasi ulioshikwa mbele ya midomo: neno likitamkwa sawasawa karatasi inatikisika, likikosewa inatulia, na mtoto hahitaji kuambiwa na mwalimu kwamba amekosea. Taasisi ya Goethe imewatayarishia watoto wa umri huu vifaa vinavyoongozwa na kikaragosi cha mkononi kiitwacho Hans Hase, sungura ambaye jina lake lina h mbili, na kikaragosi hicho kina kazi nyingine pia. Mtoto anajua fika kwamba mwalimu wake anaelewa Kifaransa, na kumsemesha Kijerumani ni kujifanya tu. Lakini sungura haelewi Kifaransa, jambo hilo watoto hulikubali papo hapo, na tangu hapo kuna mtu darasani ambaye Kijerumani ndicho njia pekee ya kumfikia. Shadda nayo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, huangukia mwanzo katika maneno mengi ya Kijerumani, wakati Kifaransa huisukuma mwisho wa fungu la maneno, na hapo kupiga mguu chini kwenye Handschuh au Schneemann hufanya kazi ambayo maelezo hayawezi.

Kuhusu maandishi, busara ni kuyachelewesha. Mtoto wa darasa la kwanza Alsace yumo katika kazi ngumu ya kujifunza kusoma Kifaransa, ambamo herufi ei husomwa kwa sauti moja na eu kwa sauti nyingine, na Kijerumani hutumia herufi hizohizo kwa sauti tofauti kabisa. Neno likiwa limeishi masikioni kwa miezi kadhaa kabla ya kuonekana ubaoni, herufi hulifuata. Likianza ubaoni, mtoto hulisoma kwa Kifaransa na kosa hilo humganda.

Hesabu ni uwanja ambao lugha hizi mbili hugongana kwa namna ya kuvutia. Kijerumani hutaja moja kabla ya makumi, hivyo 75 ni fünfundsiebzig, tano na sabini, huku Kifaransa cha Ufaransa kikiitaja soixante-quinze, sitini na kumi na tano. Watoto wanaocheza bahati nasibu ya namba kwa lugha zote mbili katika juma moja hulazimika kuzielewa namba zenyewe, nje ya maneno yanayozitaja, na walimu wa madarasa ya lugha mbili wana kila sababu ya kuutumia mgongano huo badala ya kuukwepa.

Kalenda ya eneo nayo ina michezo yake. Moja ya kumbukumbu za zamani kabisa za sungura wa Pasaka ni tasnifu ya mwaka 1682 ya daktari Georg Franck von Franckenau, inayotaja imani za watu wa Alsace na maeneo jirani kuhusu sungura anayetaga mayai na kuyaficha ili watoto wayatafute. Kuficha mayai darasani ni shughuli inayotoa uhusika wa tatu wa Kijerumani, ule unaotumika kuonyesha mahali, karibu bure. Mmoja ameficha, mwingine anatafuta kwa kuuliza, na jibu huwa unter dem Tisch, hinter der Tür, auf dem Stuhl. Katika jedwali, kule die Tür kugeuka der Tür ni jambo la kuchanganya, kwa sababu der ndiyo iliyofundishwa kuwa ya kiume. Katika msako wa yai hakuna mtoto anayelihisi, kwani amelipokea fungu zima la maneno likiwa jina la mahali palipofichwa kitu anachokitaka. Na kwa kuwa ni mila ya nyumbani, bibi anayejua Kialsace anaweza kualikwa kuja kuficha mayai na kutoa maelekezo kwa lahaja yake, na watoto husikia kwamba lugha ya shuleni na lugha ya bibi ni jamaa. Kwa familia ambazo zilinyamazishwa lahaja yao kwa vizazi viwili, saa moja ya namna hiyo ina uzito ambao hauandikwi katika mtaala.

Yote hayo hayapaswi kufunika ukweli mmoja usiopendwa na watetezi wa kuanza mapema. Imani kwamba mtoto mdogo hujifunza lugha haraka kuliko wakubwa haikuthibitishwa na utafiti. Mwaka 1978 Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo kuhusu wasemaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, na walioongoza katika kujifunza Kiholanzi miezi ya mwanzo walikuwa vijana wa miaka 12 hadi 15, wakati watoto wa miaka 3 hadi 5 walikuwa nyuma. Huko Barcelona, utafiti ulioongozwa na Carmen Muñoz uliwalinganisha wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka 8 na wale walioanza na miaka 11, na baada ya idadi ileile ya saa za masomo waliochelewa ndio waliotangulia. Sababu yake inaeleweka: mkubwa hujifunza kwa kuelewa kanuni na kuitumia, ilhali mdogo hujifunza kwa kuzoea, na kuzoea kunahitaji kusikia na kutamka mara nyingi mno. Mpango wa kitaifa wa Ufaransa hutenga saa 54 za lugha ya kigeni kwa mwaka katika shule za msingi, sawa na saa moja na nusu kwa kila juma la mwaka wa majuma 36. Darasa la lugha mbili la Alsace, kwa saa zake 12 kwa juma, hufikia saa 432, yaani mara nane zaidi. Kwa hiyo mtoto wa saa 54 akipewa michezo mizuri atapata matamshi safi, sikio jepesi na moyo mwema kwa lugha, mambo ambayo si haba, lakini mzazi hatendewi haki akiahidiwa kwamba mwanawe atazungumza. Mtoto wa saa 432 yuko katika hali nyingine kabisa, na kwake mchezo hauna budi kuingia ndani ya hesabu, sayansi na michezo ya viungo inayofundishwa kwa Kijerumani, kwa kuwa huko ndiko saa nyingi ziliko.

Linabaki suala la walimu, ambalo Alsace imehangaika nalo miaka mingi, kwa kuwa wanaoweza kufundisha kwa Kijerumani ni wachache kuliko madarasa yanayowahitaji. Upungufu huo kwa kawaida hujadiliwa kama suala la idadi na vyeti. Kuna upande wake mwingine ambao hutajwa kwa nadra. Mwalimu aliyejifunza Kijerumani katika shule ya sekondari na chuo kikuu anaweza kuchambua tamthilia ya Schiller na bado akakosa maneno ya kuendesha mchezo wa dadu kwa watoto ishirini na watano: zamu ni ya nani, rudia tena, hiyo haihesabiwi, usichungulie, umetoka, songa mbele nafasi tatu, subiri zamu moja. Maneno hayo, „Wer ist dran?“, „Noch mal!“, „Das gilt nicht!“, ni lugha ya uwanjani ambayo mtoto wa Freiburg, ng'ambo ya Rhein, huijua kabla hajaingia shule, na ambayo vitabu vya chuo havina nafasi nayo. Mwalimu anapoyakosa, huuendesha mchezo kwa Kifaransa na kuacha Kijerumani kwa majina ya matunda tu, na hapo sehemu hai kabisa ya tukio, yaani kubishana, kudai haki, kushangilia na kulalamika, inapita katika lugha ambayo watoto walikuwa nayo tayari. Maneno ya zamu na ya ugomvi ndiyo ya kwanza ambayo watoto huyachukua kama mali yao na kuyatumia wao kwa wao bila kusukumwa; husikika uani wakati wa mapumziko, hata miongoni mwa wale ambao mbele ya mwalimu bado wako kimya. Ndiyo sababu mafunzo ya walimu wa madarasa haya yanahitaji saa za kutosha ambamo walimu wenyewe wanaketi duara na kucheza kwa Kijerumani, pamoja na wenzao wa ng'ambo ya mto ikiwezekana, mpaka waweze kubishana juu ya dadu lililoanguka chini ya meza, kama linahesabiwa au linarushwa upya.